Mama, Kiswahili Chako ni cha Wapi?

Hotuba kwa wakalimani, wauguzi na wahudumu wa afya wanaozungumza Kiswahili katika jimbo la Kentucky, Marekani

Ndugu zangu wakalimani, wauguzi, wachungaji, nanyi akina mama mliokuja na watoto mgongoni, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo naanza moja kwa moja na kikombe cha chai.

Bibi mmoja, mtu wa Fizi huko Kongo, aliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na minane kabla ya kuletwa hapa. Alipangiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo. Siku moja kabla, hospitali ilipiga simu nyumbani, na aliyepokea ni mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu, maana ndiye mwenye Kiingereza katika nyumba ile. Muuguzi akasema bibi asitie kitu kinywani kuanzia kumi na mbili za usiku, kwa hesabu ya Kizungu. Mtoto akageuka akamwambia bibi yake asile kitu kuanzia saa kumi na mbili. Kwa mtoto aliyesoma shule za hapa, saa kumi na mbili ndiyo usiku wa manane. Kwa bibi, saa kumi na mbili ni alfajiri, jua linapochungulia. Bibi akaamka saa kumi na moja, akasali, akachemsha chai ya maziwa, akainywa na andazi moja, akafunga kinywa kabla ya saa kumi na mbili kama alivyoagizwa.

Alipoulizwa hospitalini alikula lini mara ya mwisho, akajibu kwa ukweli wake wote. Upasuaji ukaahirishwa, na haki yao, kwa sababu chakula kikiwa tumboni mgonjwa anapopewa nusukaputi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hayo yanaweza kuua. Ila muuguzi alimgeukia mwenzake akasema mgonjwa hakufuata maelekezo. Kazi yangu ni kutafsiri kila kinachosemwa mbele ya mgonjwa, basi nikatafsiri. Bibi akanitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Lakini nilifunga."

Nimelibeba jibu hilo mpaka leo. Nimeitwa hapa niseme juu ya mahitaji ya kiafya ya wahamiaji wasiojua Kiingereza, na hotuba za namna hiyo kwa kawaida huwaelekea madaktari wa Kimarekani: waiteni wakalimani, waheshimuni wagonjwa. Hayo ni kweli na nitayagusa. Lakini leo nataka kusema nasi wenyewe, tunaokaa katikati ya daktari na mgonjwa tukiitwa Waswahili. Hatari kubwa niliyoiona katika kazi hii haiko pale watu wanapojua kwamba hawaelewani, maana hapo huuliza. Iko pale kila mtu anapoamini ameshaelewa.

Kwenye faili la mgonjwa kuna kisanduku cha lugha. Kwa watu wetu huandikwa Swahili, basi. Kliniki inapiga simu kwa kampuni ya ukalimani, na upande wa pili anaitikia mtu wa Nakuru, au Mwanza, au Mombasa, amekaa nyumbani kwake katika jimbo jingine. Mgonjwa ni wa Uvira, Kongo. Au ni wa Bujumbura, Kiswahili alijifunzia sokoni. Au ni Mnyamulenge wa Kongo ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, lakini kambini alipoulizwa lugha alijibu Kiswahili kwa kuwa ndiyo aliyodhani watu wa huko aendako watakuwa nayo. Daktari akisikia watu wawili wanasalimiana, anaona lugha zimekutana, anaendelea na kazi yake.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja na Kiswahili nilichojivunia, na miaka yangu ya kwanza nilikisikia Kiswahili cha Kongo kama lugha iliyovunjika inayosubiri kurekebishwa. Nasema hadharani kwamba nilikosea, na kosa langu liliwafikia wagonjwa.

Chukueni neno homa. Kwa Mtanzania, mtoto mwenye homa mwili wake unawaka, na Wakongomani wengi niliowatafsiria hulitumia vivyo hivyo. Kwa Wakenya wengi, homa ni mafua: pua inatiririka, mtoto anapiga chafya. Sasa mama amempigia simu muuguzi wa zamu usiku, anasema mtoto ana homa siku ya tatu. Mkalimani aliyekulia Nairobi, kwa nia njema kabisa, anasema kwa Kiingereza kwamba mtoto ana mafua. Muuguzi anashauri maji mengi na mapumziko. Tuseme familia hiyo imefika miezi miwili iliyopita kutoka Kigoma. Huko kuna malaria, na malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa au miezi baada ya safari, hata kwa mtu aliyepewa dawa kabla ya kupanda ndege. Neno la herufi nne linaamua kama mtoto atapimwa damu usiku huo au ataambiwa alale.

Yapo mengine mengi katika Kiswahili cha Kongo. Palu ni malaria. Munganga ni daktari. Kinini ni kidonge, si lazima kwinini. Shindano ni sindano. SIDA ni Ukimwi, na mtu aliyetoka Bukavu moja kwa moja ukimuuliza habari za Ukimwi anaweza kukujibu hapana kwa sababu neno hilo hajalizoea. Sina nafasi ya kuyamaliza. Linalonigusa zaidi ni neno ambalo mimi mwenyewe nililitumia.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Kalemie, amekuja uchunguzi wa afya wanaofanyiwa wakimbizi wapya. Uchunguzi huo unashauriwa ufanyike kati ya siku 30 na 90 baada ya kufika, na ndani yake huwa kuna maswali ya afya ya akili. Daktari alikuwa na ile fomu ya maswali 9: katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na hiki, na hiki. Alipofika kwenye swali la pili nikatumia neno nililofundishwa, unyogovu, yaani huzuni nzito inayodumu. Neno sahihi, limo kwenye kamusi. Mama akasema, "Hapana, mwanangu." Nikaendelea na Kiswahili changu cha semina mpaka swali la tisa, naye akaendelea na hapana zake. Daktari akafurahi. Fomu safi.

Tulipokuwa mlangoni anasubiri gari, mama alinishika mkono. Akaniuliza kama najua dawa ya mtu ambaye usiku halali. Akasema: "Mawazo iko mingi. Roho inakimbia. Nikikaa peke yangu kichwa inawaka moto."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kila alichoulizwa ndani alikuwa nacho, ila nilimuuliza kwa maneno ambayo hayakuwa yake. Na kwa heshima yake hakutaka kuniambia hanielewi, kwa sababu mimi ndiye msomi, na yeye ni mgeni katika nyumba ya watu. Nikamwomba turudi ndani. Nikamwambia daktari: mkalimani amekosea, naomba turudie maswali. Miguu ilinitetemeka, nilidhani nitapoteza kazi. Lakini maadili ya ukalimani wa afya yaliyoandikwa hapa Marekani mwaka 2004 yanaweka usahihi mbele ya fahari ya mkalimani: ukikosea, unasema umekosea, pale pale. Tukarudia. Usingizi unakuja? Chakula kinapita? Kuna mawazo yanayokujia ukiwa peke yako? Moyo ni mzito? Kuna siku unaona afadhali usingeamka? Mama alizungumza karibu dakika arobaini. Daktari aliweka kalamu chini akasikiliza.

Wapendwa, watu wetu wanayo maneno ya huzuni. Wanayo mengi kuliko fomu. Ila ukimwambia mama una ugonjwa wa akili, anachosikia ni kichaa, yule anayetembea uchi sokoni, naye atakataa mpaka kesho. Ukimuuliza juu ya mawazo, atakufungulia mlango.

Kuna kisa ambacho wakalimani wengi wa nchi hii hufundishwa, nami nakirudia kwa sababu kinahusu jambo hili hili. Mwaka 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18 aitwaye Willie Ramirez alipelekwa hospitali akiwa amezimia. Familia yake ilikuwa ya Wakuba, wenye Kihispania. Walisema neno intoxicado, na walimaanisha kwamba amedhurika na kitu alichokula. Neno hilo kwa sikio la Kiingereza linafanana kabisa na neno la mtu aliyelewa au kuzidiwa na dawa za kulevya. Akatibiwa kama mtu aliyejizidishia dawa. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa chake. Alipooza mikono na miguu, na kesi yake ikaishia kwenye fidia ya takribani dola milioni 71. Hakuna aliyeomba mkalimani siku ile, kwa sababu familia iliamini daktari ameelewa, na daktari aliamini familia imeeleweka. Kwa Kihispania na Kiingereza neno lilivuka mpaka wa lugha mbili. Kwetu neno linaweza kumpoteza mtu ndani ya lugha moja, tena mbele ya mkalimani aliyelipwa.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu wa kazi hii, swali la kwanza kabla daktari hajaanza ni hili: Mama, Kiswahili chako ni cha wapi? Linachukua nusu dakika. Anayekwambia nyumbani tunasema Kifulero, moja ya lugha za Kongo, mwambie daktari, huenda anahitaji mkalimani mwingine kabisa. Na kazi ikiendelea mkasikia neno linaloweza kwenda njia mbili, tumieni haki yenu ya kusimamisha mazungumzo: mkalimani anaomba ufafanuzi. Najua simu inahesabu dakika. Najua daktari ana wagonjwa wengine nje. Simamisheni hivyo hivyo.

Na msiiamini ndiyo. Hili nawaambia hasa wauguzi. Mtu wetu mzima akiwa mbele ya daktari husema ndiyo kama tunavyosema amina. Ni adabu, maana yake nimekusikia na nakuheshimu. Haina maana ya kwamba amejua vidonge vinamezwaje. Ukimuuliza umeelewa, atasema ndiyo, naye hajakudanganya. Mimi huwaomba madaktari wamuulize kwa njia nyingine: Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza dawa hizi ni za nini na unazinywaje, utamjibuje? Hapo utasikia ukweli wote, na mara nyingi utasikia kwamba wewe ndiye hukueleza.

Nina mfano. Wageni wengi kutoka kambini hupimwa kifua kikuu, na wapo wanaokutwa na vijidudu vilivyolala. Hawaumwi, hawaambukizi, lakini hupewa dawa ili vijidudu visije vikaamka. Tayari hilo ni gumu kulisema, kwa sababu ukitamka kifua kikuu mtu ameshaona jeneza. Mzee mmoja alipewa rifampisini, dozi ya miezi minne. Alieleweshwa vizuri saa ya kumeza na asikose siku. Siku ya pili akakuta mkojo wake una rangi ya chungwa, karibu na wekundu. Akajua ni damu, dawa inamkata figo. Akazitupa zote. Alipoulizwa kliniki mwezi uliofuata kama anameza dawa, akasema ndiyo, maana angemwambiaje kijana yule mpole kwamba amemtilia sumu? Dawa ile hugeuza rangi ya mkojo, jasho hata machozi, na haina madhara kwa jambo hilo. Sentensi moja tu ingetosha. Na kwa akina mama kuna sentensi ya pili ambayo mara nyingi husahauliwa: rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Nimemtafsiria mama aliyepata mimba ambayo hakuipanga kwa sababu hiyo, na hakuna aliyemwambia.

Kule nyumbani, kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, unapewa bahasha ndogo ya karatasi imeandikwa 1x3. Hata asiyejua kusoma anajua: kutwa mara tatu, asubuhi, mchana, usiku. Hapa chupa ina maandishi ya Kiingereza yaliyobanana kama mchwa, na msomaji wa nyumba ni mtoto. Mtoto akiona namba nane anasema saa nane, na mama anaimeza saa nane mchana. Kwa hiyo tafadhali, tusitafsiri namba za saa peke yake. Tuseme saa mbili asubuhi, watoto wakienda shule. Tuseme usiku wa manane, watu wote wamelala. Tuchore jua na mwezi juu ya chupa, hakuna aibu.

Juu ya watoto nataka kusema kwa uchungu kidogo. Nimemwona msichana wa miaka kumi na mmoja akiombwa amweleze mama yake kwamba ujauzito umeharibika. Nimemwona mvulana akiambiwa amuulize mama yake maswali ya tumbo la chini, na mama akijibu kila kitu hapana huku akitazama sakafu, kwa sababu hakuna mama wa kwetu atakayetaja sehemu zake za siri mbele ya mwanawe wa kiume. Mtoto hana kosa na mama hana kosa.

Na sheria hairuhusu. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu katika huduma inayopokea fedha za serikali kuu, na kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake kumehesabiwa humo. Sheria ya afya ya mwaka 2010, kifungu cha 1557, inaidai hospitali na kliniki zinazopokea fedha hizo zitoe mkalimani mwenye ujuzi, bila malipo kwa mgonjwa, na kanuni zake zinakataza kumtumia mtoto isipokuwa kwa dharura wakati mkalimani bado hajapatikana. Mwezi Machi 2025 rais Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi, akafuta amri ya mwaka 2000 ya rais Clinton juu ya huduma za lugha. Tangu hapo nimesikia watu wetu wakiambiana kwamba mgonjwa hana tena haki ya kupewa mkalimani. Si kweli. Amri ya rais imefutwa, lakini sheria hizo mbili zilitungwa na Bunge na bado zipo. Mwambieni jirani. Asiyejua hata neno la Kiingereza la kuombea mkalimani, afike dirishani aseme Swahili, arudie Swahili, akae hapo. Hata akipiga 911, namba ya dharura, aanze na neno hilo hilo.

Kuna mgonjwa atakayekataa mkalimani aliyeletwa, na tusimshangae. Jamii yetu hapa ni ndogo. Mkalimani aliyeingia chumbani ndiye shemasi wa kanisa lake, au ni mke wa mtu wanayedaiana. Mama aliyefanyiwa ukatili vitani hatalifungua hilo mbele ya sauti atakayoisikia tena Jumapili kwenye kwaya. Mwanamke apewe mwanamke, na akitaka mtu wa mbali, simu ipigwe jimbo jingine. Nasi tunaobaki chumbani tujue siri ya mgonjwa haitoki mlangoni, hata kwa ombi la maombi.

Jambo dogo kabla sijashuka, na wauguzi naomba mliandike. Watu wengi waliotoka kambini wameandikiwa siku ya kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu hawakuwa na cheti na karani alihitaji tarehe. Famasi na kliniki zetu hutambua mtu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa hesabuni akina Furaha na akina Neema wa mwaka mmoja, wote wa tarehe 1 Januari, wote wa mtaa mmoja, wote wagonjwa wa daktari mmoja. Nimeshika mfuko wa dawa za presha uliopewa mtu mwingine kabisa, na aliyepewa alisema ndiyo jina lilipoitwa, kwani ni jina lake kweli. Ulizeni cha tatu: anwani, namba ya simu, jina la mtoto wa kwanza.

Yule bibi wa Fizi alipangiwa tarehe nyingine baada ya wiki tano. Wiki tano za maumivu kila alipokula chenye mafuta. Safari hii muuguzi yule yule alipiga simu akiwa na mkalimani kwenye laini, akaomba azungumze na bibi mwenyewe. Nilikuwa mimi. Nikasema: Bibi, leo ukimaliza chakula cha usiku, ndiyo basi. Usile tena mpaka daktari akuruhusu, hata chai ya alfajiri usiinywe. Bibi akauliza: "Na maji ya kumezea dawa ya presha?" Nikamtafsiria muuguzi. Muuguzi akanyamaza kidogo, akasema swali zuri sana, ngoja nimuulize daktari.

Nimeacha daftari pale mezani karibu na birika. Ukurasa wa kwanza nimeandika homa, wa pili saa kumi na mbili, wa tatu mawazo. Kurasa nyingine ni tupu. Kila mmoja kabla hajaondoka aandike neno moja la ugonjwa analolisema mama yake, na chini yake aandike mama huyo ni wa wapi. Kalamu zipo mbili, pokezaneni.